Mbao ngumu au vibao vya vinili: namna ya kuamua sakafu ya nyumba

Kabla hujaenda dukani kushika sampuli, chukua kipande cha nailoni safi cha sentimita 45 kwa 45, kilaze juu ya zege la chumba unachotaka kukiwekea sakafu, kisha kizibe pande zote nne kwa utepe mpana wa gundi. Kiache saa 16 kwa uchache; siku 2 au 3 ni bora zaidi. Ukikibandua ukakuta matone upande wa chini, au zege lililokuwa chini yake limekuwa jeusi kuliko lililo jirani, umeshapata nusu ya jibu: chumba hicho hakijawa tayari kwa mbao, na hata vinili, yaani vibao vya plastiki vyenye picha ya mbao, itabidi isubiri.

Sampuli za dukani zote zinapendeza. Kipande cha mninga kilichopakwa vanishi na kibao cha vinili chenye picha ya mninga huohuo vinaweza kulala pamoja juu ya kaunta, na mteja asijue kipi ni kipi mpaka avigeuze. Tofauti yao hujitokeza miezi kadhaa baadaye, masika yakishapita na kiangazi kikishika, nayo inatokana na maji: yaliyomo ndani ya zege, yaliyomo ndani ya mbao, na yaliyomo kwenye ndoo ya deki. Pima hayo kwanza, rangi utachagua baadaye.

Anza na jamvi la zege

Zege hukauka polepole kuliko watu wanavyodhani. Kwa hesabu inayotumiwa na mafundi wa sakafu, milimita 50 za kwanza hukauka kwa kasi ya milimita 1 kwa siku, na unene unaozidi hapo huchukua muda mrefu zaidi kwa kila milimita. Kwa hiyo tabaka la saruji la milimita 50 linataka wiki 7 hivi, na jamvi la milimita 100 linataka miezi 4 hadi 6. Hesabu inaanza siku nyumba imeezekwa na madirisha yamefungwa. Siku zege lilipomwagwa haihusiki, kwa sababu mvua ikinyesha juu ya jamvi lisilo na paa unarudi mwanzo.

Muulize pia aliyejenga kama chini ya jamvi ilitandikwa nailoni nzito ya geji 1000, yaani ya unene wa mikroni 250. Nyumba nyingi za zamani hazina. Dalili zake zinaonekana kwa macho: rangi na lipu vinabanduka sentimita 20 au 30 kutoka chini ya ukuta, na unga mweupe wa chumvi unatoka kwenye zege. Hapo unyevu unapanda kutoka ardhini mwaka mzima, na kusubiri hakutasaidia. Una njia mbili: kupaka epoksi ya kuzuia unyevu mikono miwili juu ya zege lililosafishwa vizuri, au kuacha mpango huu na kuweka vigae.

Wengi hufikiri vinili inaondoa tatizo hili kwa sababu yenyewe hailowi. Ni kweli kibao hakiozi. Lakini unyevu unaopanda ukikosa pa kutokea hukaa chini ya vibao, ukungu ukaota, na chumba kikaanza kunuka kama nguo zilizoanikwa zikanyeshewa. Kama vinili imebandikwa kwa gundi, maji yanayopita kwenye zege hubeba magadi yanayolainisha gundi mpaka kingo zinaanza kuachia.

Jambo la pili kwenye jamvi ni usawa. Laza rula ndefu iliyonyooka ya mita 2 katika pande zote za chumba, kona kwa kona pia. Bonde lolote linalozidi milimita 3 chini ya rula lazima lijazwe kwa mota laini ya kusawazishia, na kilima kisagwe. Kwa mbao zinazopigiliwa juu ya papi (miti myembamba inayolazwa juu ya zege) unaweza kusahihisha kwa kuweka kabari chini ya papi. Kwa vinili ya kufungana, ambayo vibao vyake hushikana kwa vifungo vya pembeni bila gundi, haiwezekani: kila mguu unapokanyaga juu ya bonde, kifungo kinajipinda, na baada ya miezi kadhaa kinakatika. Ukisikia vinili ya mtu inalia "tak-tak" anapotembea, ujue fundi aliruka hatua ya rula.

Ndoo ya deki, mchanga na makaa

Nyumba nyingi za kwetu hupigwa deki kila asubuhi, kwa maji ya kutosha na sabuni, na hakuna anayeona ni kosa. Sakafu ya mbao haiwezi kuishi hivyo. Vanishi inafunika uso wa ubao. Kwenye maungio kati ya ubao na ubao haifungi kabisa. Maji yakipenya humo, upande wa chini unanyonya na kuvimba kuliko wa juu, kingo zinainuka, na ubao unashika umbo la dau. Ukipitisha kiganja juu yake kukata maungio unahisi mawimbi. Mbao inataka ufagio laini kila siku, na dekio lililokamuliwa mpaka halidondoshi hata tone, tena si kila siku. Kama huna hakika kwamba kila atakayesafisha nyumba atafuata hivyo, mwaka baada ya mwaka, chagua vinili na ulale usingizi.

Maandishi ya kwenye boksi yanayosema vinili haipitishi maji yanazungumzia kibao. Sakafu nzima ni kitu kingine. Chai iliyomwagika ni kufuta tu, lakini bomba likipasuka usiku, maji yataingia pembezoni mwa kuta na kukaa chini. Vinili ya kufungana ikipatwa na hayo inabidi ifunguliwe, zege likaushwe, kisha irudishwe.

Karibu na bahari, mchanga ni msasa wa bure. Chembe zinazoingia na viatu hukwaruza vanishi na hukwaruza vinili vilevile. Kikanyagio kizuri nje ya mlango na kingine ndani husaidia kuliko dawa yoyote ya kung'arisha. Tofauti ni kwamba mbao iliyokwaruzwa inapigwa msasa ikawa mpya, ila vinili ikishaliwa tabaka la juu, picha inaanza kufutika na hakuna la kufanya isipokuwa kubadilisha kibao.

Kaa la chetezo au la jiko likianguka juu ya vinili huyeyusha shimo papo hapo. Kwenye mbao linaacha doa jeusi ambalo mara nyingi msasa unaliondoa.

Ukielekea kwenye mbao

Aina ya mti ni jambo kubwa, na hapa Afrika Mashariki tuna bahati. Mninga ndio wa kwanza kwa nyumba ya pwani: hucheza kidogo sana unyevu unapopanda na kushuka, na kiini chake mchwa hawakipendi. Mkongo ni mgumu zaidi, umetulia, na unafaa mahali penye miguu mingi. Mvule ni imara na hauozi haraka, ila huanza na rangi ya manjano kisha unakuwa wa kahawia kwa mwanga; mahali palipofunikwa na zulia patabaki tofauti. Mbao zake wakati mwingine zina mawe madogo ya chokaa ndani, ambayo huua meno ya msumeno, na vumbi lake huwasha pua na ngozi, kwa hiyo fundi avae barakoa. Msaji wa mashamba ya Tanga na Morogoro unapatikana kwa urahisi na umetulia vizuri, mradi ukatae mbao za miti michanga zenye sehemu pana nyeupe ya pembeni. Sehemu hiyo nyeupe, kwenye mti wowote, ndiyo chakula cha mchwa na vidudu vya kutoboa. Muhugu wa Kenya ni mzito mno na umetumika tangu zamani kwa sakafu za vipande vidogo. Ukiukuta katika nyumba ya zamani usiung'oe, upige msasa.

Msonobari ni laini, kisigino kinaacha alama. Mkaratusi ni mgumu lakini hupinda na kupasuka sana ukikauka, na kwa sakafu hatuupendekezi.

Mti mzuri uliokauka vibaya unashindwa na mti wa kawaida uliokauka vizuri. Mbao yoyote hutafuta mlingano na hewa: kwenye hewa ya pwani yenye unyevunyevu wa asilimia 80 hutulia karibu na asilimia 16 ya maji, kwenye hewa ya asilimia 65 hutulia karibu na 12, na kwenye chumba chenye kiyoyozi kinachofikisha hewa asilimia 50 hushuka hadi 9. Tuseme umenunua mbao zenye asilimia 20, nazo zitaishi kwenye asilimia 12. Mbao nyingi husinyaa kama robo ya asilimia ya upana wake kwa kila asilimia moja ya maji inayotoka. Zikitoka 8, zinasinyaa asilimia 2. Chumba cha upana wa mita 4 kitapoteza sentimita 8, zilizogawanyika kwenye nyufa zote za sakafu. Mninga husinyaa karibu nusu ya hapo, na ndiyo sababu unasifiwa.

Muuzaji akikuambia "hizi zimekauka", usibishane naye, pima. Kama huna kipima unyevu, kata kipande kidogo kutoka katikati ya ubao, angalau sentimita 30 kutoka ncha, kwa sababu ncha hukauka mapema na hudanganya. Kipime kwenye mizani ya jikoni inayoonyesha gramu. Kiweke kwenye ovena ya nyuzi 103, ukipime kila baada ya saa kadhaa mpaka uzito uache kushuka. Kama kilikuwa gramu 230 na kimeishia 200, tofauti ni 30. Gawanya kwa 200, unapata asilimia 15. Fanya hivyo kwa mbao 4 au 5 kutoka sehemu tofauti za rundo. Zikiachana kwa zaidi ya asilimia 3, rundo hilo limechanganywa.

Kisha zilete ndani ya chumba chenyewe, madirisha na milango ikiwa imeshawekwa, uzipange kwa vijiti katikati ili hewa ipite, uziache wiki 2 au zaidi. Kama chumba kitakuwa na kiyoyozi, kiwashwe katika wiki hizo kama kitakavyotumika siku zote. Nyumba ya Dodoma au Arusha inayoletewa mbao zilizokaushwa Tanga inahitaji subira hii kuliko zote.

Kwa Tanzania, dai risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Mbao zisizo na hati zinaweza kukamatwa njiani, na hasara ni yako. Mwaka 2022 miti ya kundi la mninga na la mkongo ya Afrika iliingizwa katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo kuivusha mpaka kunahitaji kibali cha ziada.

Sasa hesabu, mahali ambapo wengi hupungukiwa. Ubao wa inchi 1 kwa 4 ukisharandwa na kuchongwa ulimi na mfereji wa kuungania, sehemu inayoonekana juu inabaki kama milimita 85, na unene kama 20. Chumba cha mita 4 kwa 5 ni mita za mraba 20. Gawanya 20 kwa 0.085, unapata mita 235. Ongeza asilimia 15 ya vipande vibovu na makato, ni mita 270. Kwa mbao za futi 12, yaani mita 3.66, ni mbao 74. Anayehesabu kwa upana wa inchi 4 kamili bila ziada ananunua 54, kisha anarudi kutafuta 20 za rangi inayofanana, ambazo hatazipata.

Juu ya zege, njia ya kawaida ni nailoni ya geji 1000 iliyopishana sentimita 20 na kuzibwa kwa utepe, kisha papi za inchi 2 kwa 2 zilizopakwa dawa ya mchwa, kila baada ya sentimita 40 kutoka katikati hadi katikati. Mbao zinakatiza papi, na msumari wa milimita 50 unapigwa kwa mshazari wa nyuzi 45 juu ya ulimi ili kichwa kifichwe na ubao unaofuata. Acha nafasi ya milimita 12 hadi 15 kwenye kuta zote, skatingi, yaani ubao wa chini ya ukuta, itaifunika. Fundi anayebana mbao hadi ukutani anaandaa sakafu itakayoinuka katikati kama mgongo wa ngamia masika ya kwanza.

Msasa uanze na namba 40, kisha 60, 80, na 100. Kuruka namba kunaacha mikwaruzo ambayo haionekani mpaka vanishi ipakwe. Miti yenye mafuta kama msaji na mvule ifutwe kwa thina kabla ya mkono wa kwanza, la sivyo vanishi inachelewa kukauka au inabanduka. Mikono mitatu, na msasa mwepesi wa namba 220 katikati ya mkono na mkono.

Ukielekea kwenye vinili

Namba kubwa kwenye boksi ni unene wote, na siyo inayokuhusu zaidi. Tafuta namba ndogo ya tabaka la juu. Chukua sampuli, ikate, uitazame ubavuni kwenye mwanga: juu kabisa kuna utando unaopitisha mwanga, mwembamba kuliko ukucha, chini yake picha ya mbao, nyembamba kama karatasi ya daftari, halafu kiini kizito cha kijivu, na mara nyingine povu chini. Ule utando wa juu ndio umri wa sakafu yako. Milimita 0.3 inatosha vyumba vya kulala. Sebule, korido na jiko vinataka 0.5. Chini ya 0.3 usinunue, hata kama kibao chote kina milimita 6.

Kwenye sampuli hiyohiyo jaribu ulimi wa kufungia kwa vidole. Usipinde sana, sukuma tu kwenda juu. Ulimi ukimeguka kama biskuti, kiini kimejaa chokaa na plastiki kidogo, na vifungo vitakatika wakati wa kulaza. Kisha omba vifunguliwe boksi mbili au tatu, uhesabu ni vibao vingapi vyenye kifundo kilekile. Mchoro ukijirudia kila kibao cha nne, sebule kubwa itafanana na kitambaa cha pazia.

Aina inayoandikwa SPC ina kiini cha unga wa mawe ya chokaa na plastiki: ngumu, hubonyea kidogo chini ya friji, na inavumilia joto kuliko yenye kiini cha povu, ambayo ni laini mguuni. Ile nyembamba ya milimita 2 hadi 3 inabandikwa kwa gundi moja kwa moja kwenye zege, nayo inataka zege lililo laini mno, kwa sababu kila chembe ya mchanga itaonekana juu.

Jua ndilo adui ambaye wauzaji hawamtaji. Mbele ya mlango mpana wa kioo unaotazama magharibi, kibao cha rangi nyeusi kinapata moto kuliko hewa ya chumba. Kinatanuka, kinasukuma jirani zake, na kikikosa nafasi kinainuka. Mahali hapo chagua rangi nyepesi, weka pazia, au tumia aina ya kubandika. Na usiweke juu ya vinili mkeka wenye mpira chini: kemikali za mpira huacha doa la manjano lisilotoka.

Vilaze vibao ndani ya chumba saa 48 kabla ya kazi. Usiongeze povu chini ya kibao ambacho tayari kina povu lake. Ulaini ukizidi unavunja vifungo. Pima upana wa chumba kabla ya kufunga mstari wa kwanza. Tuseme ni milimita 4,000, unaacha 8 kila upande, inabaki 3,984. Vibao vya milimita 180 vitaingia 22, na ukanda wa mwisho utabaki milimita 24, mwembamba mno kushika. Kwa hiyo weka 21 vizima, chukua 204 zilizobaki, gawanya kwa mbili: mstari wa kwanza na wa mwisho uwe milimita 102. Ncha za vibao vya mistari jirani zipishane sentimita 20 au zaidi. Kata miimo ya milango chini ili kibao kiingie ndani yake. Kabati za jikoni zikae kwenye zege, vinili iishie mbele yake. Kabati nzito ikiikandamiza upande mmoja, joto litaifungua upande wa pili.

Na mchwa? Hawali vinili, ila hupita chini yake kwa utulivu mpaka kwenye miimo na skatingi. Dawa ya ardhini inahitajika kwa sakafu zote mbili.

Chumba kwa chumba

Nyumba ya chini, pwani, jamvi lisilojulikana lilijengwaje: SPC, baada ya kipimo cha nailoni kutoka kikavu. Nyumba ya kupangisha, hivyohivyo. Jiko, vinili. Bafu lenye maji ya kuoga yanayotiririka sakafuni, vigae, wala usijaribu kingine. Ghorofani, nyumba unayokusudia kuwaachia wanao, na wenye nyumba wanaokubali dekio kavu: mninga au mkongo, bila kusita. Ubao wa milimita 20 una kama milimita 6 juu ya ulimi, na kila msasa kamili unakula chini ya milimita 1. Ni sakafu itakayofufuliwa mara kadhaa, wakati vinili ya leo itakuwa imeng'olewa na kutupwa.

Kuchanganya kunawezekana: mbao sebuleni, vinili kwenye korido na jiko. Lakini mbao na papi zake hupanda milimita 70, vinili 5 au 6. Tofauti hiyo iamuliwe kabla ya kumwaga tabaka la juu la saruji na kabla ya milango kuninginizwa, ili upande wa vinili uinuliwe kwa saruji na kizingiti kibaki sawa. Ukimaliza, hifadhi boksi moja la vinili au mbao 6 za ziada, zilale bapa mahali pakavu, pamoja na karatasi yenye namba ya toleo au jina la vanishi iliyotumika.